Mshika Mbili na Mke Aliye Ugenini

Wahenga walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hii haikosekani barazani pindi panapozungumzwa habari za uraia pacha, nayo husemwa kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kuhukumu: anayetaka nchi mbili hana hata moja iliyo yake kweli. Lakini wahenga hao hao walisema pia kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Na methali hii ya pili, ambayo watu wa pwani huielewa kuliko wengine, haimlaumu mwenye kwenda, wala haimwambii kwamba kwenda kwake kumemfutia kwao. Baina ya methali hizi mbili pana suala la kimaadili lisilokwisha. Mtu akiingia katika nyumba nyingine kwa ndoa, akaishi humo na kuzeekea humo, je, ni haki kumtaka aikane nyumba aliyozaliwa? Na akizishika zote mbili, je, huyo ni mwaminifu au ni mnafiki?

Mfano ulio wazi wa suala hili ni wanawake wa Thailand walioolewa na wageni na kuhamia nchi za waume zao. Kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, katika eneo liitwalo Isan, kwenye majimbo kama Udon Thani, Khon Kaen na Nakhon Ratchasima, ndoa za namna hii zimekuwa jambo la kawaida hata zikapata jina lake: mke wa aina hiyo huitwa mia farang, yaani mke wa Mzungu. Neno farang lenyewe ni msafiri. Mzizi wake ni neno la Kiajemi na Kiarabu la kuwaitia Wafaranki, watu wale wale walioipa Ufaransa jina lake, nalo lilipokewa bandari kwa bandari katika biashara ya Bahari ya Hindi mpaka likafika Siam. Kwa hiyo hata kabla ya pasipoti kubuniwa, mgeni alikwisha kuwa na jina katika nyumba ya Mthai.

Ni muhimu kuelewa binti wa Isan ni nani katika nyumba yao, kwani bila ya hilo suala zima litaonekana kuwa la makaratasi. Kwa mila ya huko, mkwe wa kiume ndiye aliyekuwa akihamia kwa wazazi wa mkewe, na binti mdogo wa mwisho ndiye aliyebaki na wazee, akawatunza mpaka siku yao, kisha akairithi nyumba. Wathai huliita bunkhun lile deni la wema ambalo mtoto anadaiwa na wazazi wake. Ni deni lisilolipika likaisha, bali hulipwa kila siku kwa kutumikia na kukumbuka. Binti kama huyo anapoondoka kwenda Ujerumani au Uswidi, hajaondoka kama kijana anayekwenda kutafuta maisha. Ni nguzo iliyong'olewa penye paa. Fedha anazotuma, nyumba ya matofali anayowajengea wazazi, karo ya wadogo zake, ni namna yake ya kuliegemeza paa hilo kwa mbali.

Sasa na iulizwe: pasipoti ya Thailand ni kitu gani kwa mwanamke huyu? Kwanza, si ya kusafiria tu. Katika nyumba ya wazazi wake kuna kitabu cha buluu cha usajili wa nyumba, ambamo jina lake limeandikwa pamoja na ya ndugu zake. Kwa kitabu hicho hupata kitambulisho chenye namba ya tarakimu 13, na kwa kitambulisho hicho hupata pasipoti. Akiwa raia, huingia nchini mwake saa yoyote, akakaa kwa mama mgonjwa mwezi mmoja au miaka mitatu, pasi na mtu kumhesabia siku. Akiwa si raia, mlango ule ule huingiwa kwa ruhusa yenye tarehe ya mwisho. Kisha pana ardhi. Sheria ya Ardhi ya Thailand ya 1954 kwa jumla haimruhusu mgeni kumiliki ardhi. Na aliyeipata akiwa Mthai, kisha akaacha kuwa Mthai, hutakiwa kuitoa mikononi mwake. Shamba la mpunga ambalo mama alimwekea, kwa kuwa ndiye aliyetarajiwa kurudi, huwa si lake tena kwa sababu ya saini moja.

Shaka juu ya mke wa mgeni haikuanzia kwenye pasipoti ya pili. Kwa miaka mingi, mwanamke wa Kithai aliyeolewa na mgeni alizuiliwa kununua ardhi hata kama hakuwa na uraia mwingine wowote. Maofisa walichukulia kwamba nyuma ya mkono wake upo mkono wa mume. Ilikuwa ni baada ya Katiba ya 1997, iliyosisitiza usawa wa mwanamume na mwanamke, ndipo kizuizi hicho kilipolegezwa, naye akaruhusiwa kununua ikiwa yeye na mumewe watatamka kwamba fedha ni zake mwenyewe. Yaani dola ilikwisha kumwona kuwa nusu mgeni kwa sababu ya kitanda anacholala. Hapa ndipo panapodhihirika kwamba habari ya uraia wa mke haikuwa kamwe habari ya uaminifu peke yake. Ilikuwa pia habari ya mwanamke kuchukuliwa kuwa kivuli cha mwanamume.

Historia inalithibitisha hilo. Mwaka 1913, katika enzi ya Mfalme Vajiravudh, Siam ilitunga sheria yake ya kwanza ya uraia. Na mwaka huo huo ikatunga sheria iliyowataka watu wote wawe na majina ya ukoo, kitu ambacho wengi wao hawakuwa nacho. Dola mpya ilikuwa ikiwaandika watu wake. Katika sheria ile ya uraia, mwanamke wa Siam aliyeolewa na mgeni alipoteza uraia wake ikiwa sheria ya nchi ya mume ilimpa uraia wa huko. Na mwanamke mgeni aliyeolewa na mtu wa Siam akawa wa Siam. Haikuwa Siam peke yake iliyofikiri hivyo, kwani ndivyo zilivyofikiri dola nyingi za Ulaya katika zama hizo: mke hufuata mume kama tela lifuatavyo gari. Hata jina lake lilifuata. Sheria ya majina ya 1962 ilimlazimisha mke kutumia jina la ukoo la mumewe, mpaka Mahakama ya Katiba ya Thailand ilipoamua mwaka 2003 kwamba kumlazimisha ni kinyume cha usawa, na sheria ikarekebishwa mwaka 2005.

Sheria ya uraia inayotumika leo ni ile ya 1965, pamoja na marekebisho yake. Kifungu chake cha 13 kilibadili mwenendo: mwanamke aliyeolewa na mgeni, na ambaye sheria ya nchi ya mume inaweza kumpa uraia, anaweza kuuacha uraia wa Thailand akitaka, kwa kutoa tamko mbele ya ofisa. Mwaka 2008 kifungu hicho kikapanuliwa kimhusu mwanamume vilevile. Neno lenye uzito ni hilo, akitaka. Asipotaka, anabaki. Lakini mbele kidogo kipo kifungu cha 22, kisemacho kwamba Mthai aliyejiandikisha kuwa raia wa nchi nyingine hupotewa na uraia wake. Ndipo wasiwasi unapozaliwa. Zamani nchi nyingi zilimpa mke uraia kwa tendo la kuolewa lenyewe. Uswisi, kwa mfano, ilifanya hivyo mpaka mwisho wa mwaka 1991. Siku hizi karibu kila nchi inamtaka mke aombe mwenyewe, asubiri miaka, ajifunze lugha, afanye mtihani, pengine aape. Je, uraia uliopatikana kwa njia hiyo ni wa ndoa, unaolindwa na kifungu cha 13, au ni wa kujiandikisha, unaoangukia kifungu cha 22?

Yapo yanayotuliza moyo. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba kupata au kupotewa na uraia huwa na nguvu baada ya kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Maadamu hapana tangazo, jina limo kitabuni. Na kwa vitendo, wake wengi hubeba pasipoti mbili: hutoka Ulaya kwa ile ya Ulaya, huingia Bangkok kwa ile ya Thailand, na wanaporudi hufanya kinyume chake. Lakini nafsi haitulii kwa vitendo peke yake. Pasipoti moja ina jina la baba, nyingine ina jina la mume, kwani ndoa iliandikishwa huko na haikuandikishwa nyumbani. Tiketi ya ndege ina jina moja tu. Muda wa pasipoti unapokaribia kwisha, hana budi kufika mwenyewe ubalozini ili apigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole. Na njiani moyo humwenda mbio kama wa mwizi, ilhali hakuiba kitu.

Hapa linaingia suala la ukweli, ambalo wapinzani wa uraia pacha hulitaja kwa haki. Mwanamke huyu anasimama dirishani mbele ya ofisa, na hasemi yote. Je, kunyamaza kwake ni uwongo? Mafundisho ya maadili ya mataifa mengi yanatofautisha baina ya kusema lisilokuwepo na kutosema lililopo. Asiyeulizwa hakudanganya. Hata hivyo jibu hili ni jepesi mno, kwa sababu mtu anaweza kunyamaza kwa makusudi ya kumpotosha mwenziwe. Kipimo kilicho bora ni kuuliza: huyu aliyenyamaza amemnyang'anya nani haki gani? Akinyamaza kuhusu deni, amemnyang'anya mdai. Akinyamaza kuhusu maradhi, amemhatarisha jirani. Lakini mke anayenyamaza kuhusu pasipoti ya pili, hali sheria ya nchi yake mwenyewe inamwambia kwamba ataacha uraia akitaka, hakumnyang'anya mtu. Alichokificha ni hofu yake. Na hofu hiyo ameipanda nani moyoni mwake ikiwa si sheria yenye vifungu viwili visivyotazamana?

Sheria isiyosema wazi haiondoi dhambi, bali huigawa upya, na fungu kubwa huwaangukia walio wanyonge. Tajiri mwenye wakili atasomewa vifungu vyote kimoja kimoja, alale usingizi. Mwanamke aliyeacha shule Isan ili wadogo zake wasome, akafika ugenini kwa lugha isiyo yake, atayajua mambo hayo kwa fununu za wenzake, kila mmoja na hadithi yake. Naye atazoea kuficha hata kisichohitaji kufichwa. Watu wakizoea hivyo, dola imewafundisha unafiki ule ule ambao inadai kuuchukia.

Pana kifungu kingine katika sheria hiyo ya Thailand ambacho, kikisomwa polepole, kinaeleza zaidi kuliko hotuba nyingi. Ni kifungu cha 23, kinachomruhusu aliyeacha uraia kwa sababu ya ndoa kuuomba tena ikiwa ndoa hiyo imekwisha, kwa sababu yoyote iwayo. Bila ya shaka kifungu hiki kimeandikwa kwa huruma. Hakimwachi mjane au mtalaka bila ya kwao. Lakini itazamwe mantiki yake. Maana yake ni kwamba nchi na mume ni wake wenza: mmoja hana budi kutoka ndipo mwingine aingie. Binti atarudi kuwa mtoto wa nyumbani siku atakapokuwa amemzika mumewe au ameachana naye. Ndoa njema, iliyodumu mpaka uzeeni, ndiyo inayomfungia mlango. Ndoa iliyovunjika ndiyo inayomfungulia. Hapana mzazi mwenye akili timamu anayemwambia bintiye maneno hayo siku ya arusi.

Wala si Thailand pekee ya kuulizwa. Nchi za waume nazo zilikuwa na sharti zao. Ujerumani kwa miongo mingi ilimtaka mgeni auache uraia wake wa asili kabla ya kupewa wa Kijerumani, ijapokuwa watu wa baadhi ya nchi walisamehewa. Mke wa Kithai huko alikuwa na njia mbili: ama abaki na kibali cha ukaazi, alipe kodi na kulea watoto wa Kijerumani bila ya kuwa na kura, ama asaini tamko la kuuacha Uthai wake na kusubiri jina lake litangazwe katika Gazeti la Serikali huko Bangkok. Uswidi ilifungua mlango wa uraia wa nchi mbili mwaka 2001, Denmaki mwaka 2015, Norwei mwaka 2020; na Ujerumani yenyewe ikaufungua tarehe 27 Juni 2024. Austria na Japani bado zinashikilia kanuni ya kale.

Na wafikiriwe wanawake wawili waliofika Ujerumani mwaka mmoja kutoka kijiji kimoja. Wa kwanza alitii upesi: aliuacha uraia wake, akawa Mjerumani, akapiga kura, akapunguza shamba lake katika hesabu ya maisha. Wa pili alisita mwaka hadi mwaka, akabaki na kibali chake, mpaka mlango ulipofunguliwa mwaka 2024, akaweza kuomba uraia wa Kijerumani bila ya Ujerumani kumtaka aache chochote. Yule wa kwanza, akiwa bado yu pamoja na mumewe, njia ile nyepesi ya kifungu cha 23 haiko kwake. Aliyetii amepoteza, aliyesita amepata. Mtu anaweza kusema kwamba hiyo ni bahati tu, na sheria hubadilika. Ni kweli, lakini sharti ambalo kesho linaweza kufutwa bila ya taifa kutikisika, jana halikuwa lazima kiasi cha kumgharimu mtu nyumba ya mama yake.

Inafaa sasa kulikabili suala la uaminifu kwa uso wake. Wapingao husema kwamba moyo ni mmoja, na anayeapa mara mbili ameapa bure. Hoja hii inapata nguvu zaidi Marekani, ambako anayepewa uraia huapa kwamba ameacha kabisa utii wote kwa mtawala au dola ya kigeni aliyokuwa raia wake. Mke wa Kithai hula kiapo hicho akiwa amenyanyua mkono, ilhali pasipoti yake ya Thailand imo katika mtoto wa meza nyumbani. Serikali ya Marekani yenyewe inakubali kwamba raia wake anaweza kuwa na uraia mwingine, wala haimfuati kuudai. Lakini kiapo ni kiapo. Watu wanaojua uzito wa yamini hawawezi kulipita jambo hili kwa kucheka. Uingereza imechagua njia nyingine: raia mpya huapa kumtii mfalme, na hatakiwi kumkana mwingine. Ni afadhali hiyo, kwani inadai kile tu ambacho dola ina haki ya kukidai, yaani utii wa leo na kesho, na inaiacha jana ya mtu ilivyo.

Kumbe kiini cha mzozo kimo katika kuchanganya vitu viwili ambavyo lugha zenyewe zimevitenga. Wathai huuita uraia sanchat, neno lenye asili ya Kipali, ambalo kiini chake, chat, ni kuzaliwa. Kwa Kithai, basi, uraia ni jambo la chimbuko. Kiswahili kinasema uraia, kutokana na raia, neno lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya wale wanaochungwa, kama kundi lenye mchungaji. Kwa Kiswahili, basi, uraia ni jambo la ulinzi na utii. Maneno haya mawili hayatafsiriani sawasawa, na tofauti yake ni fundisho. Mtu anaweza kubadili mchungaji: akakubali sheria nyingine, akalipa kodi kwingine, akalindwa na askari wengine. Lakini hawezi kujiuzulu kuzaliwa kwake. Anayeapa kuacha utii ameapa jambo linalowezekana. Anayetakiwa kuacha chimbuko ametakiwa jambo lisilowezekana, na kiapo juu ya lisilowezekana ni mzigo kwa mwenye kuapisha zaidi kuliko kwa mwenye kuapa. Hata hivyo, mwanamke mwenye dhamiri iliyo hai hatatosheka kabisa na jibu hili. Atabaki na doa dogo moyoni kwa maneno aliyoyatamka. Doa hilo lisifichwe. Ni sehemu ya bei anayolipa, na mume aliyezaliwa na uraia wake hakuilipa.

Ipo hoja ya pili, ya usawa. Mwenye pasipoti mbili ana milango miwili ya kutokea, na jirani yake ana mmoja. Nchi ikiwaka moto, yeye atapanda ndege. Hoja hii ni ya kweli, na haifai kuibeza. Lakini fadhila hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mkataba wa The Hague wa 1930 kuhusu sheria za uraia uliweka kanuni kwamba dola haiwezi kumkingia raia wake dhidi ya dola nyingine ambayo yeye ni raia wake pia. Mke huyu akipatwa na jambo Bangkok, ubalozi wa nchi ya mume utamtazama kama Mthai. Akipatwa na jambo kwa mume, ubalozi wa Thailand utamtazama kama mwenyeji wa huko. Hana ngao mbili kwa wakati mmoja. Ana ngao moja kila anaposimama. Na wajibu wake nao ni maradufu. Wanawe, ambao tangu marekebisho ya 1992 huwa Wathai kwa damu ya mama popote wanapozaliwa, hurithi mlango huo pamoja na mizigo yake. Mtoto wa kiume aliyeandikwa katika kitabu cha nyumba ataitwa afikapo umri wa miaka 21 kwenye kura ya jeshi inayofanyika kila Aprili, ambapo karatasi nyekundu ni kuingia jeshini na nyeusi ni kurudi nyumbani. Mama aliyemwandika mwanawe ili asije akapotewa na bibi yake, amemwandika pia katika kura hiyo.

Hapo ndipo mahali ambapo mambo mawili yanaweza kugongana kweli: jeshi, kura, cheo cha siri za dola. Mwenye uraia wa nchi mbili akifikia njia panda ya namna hiyo, hana budi kuchagua, na ni halali kumtaka achague. Lakini achague penye njia panda. Kumtaka mke wa mkulima au wa fundi wa magari achague siku ya kwanza, kwa hofu ya njia panda ambayo huenda asiifikie maishani, ni sawa na kumtaka mtu aape leo kwamba ataokoa nani kati ya mama na mtoto jahazi likizama. Swali linaweza kuulizwa. Lakini hapana nyumba inayojengwa juu ya jibu lake.

Wasomaji wa pwani wanayo mizani yao ya kulipimia jambo hili, tena ya kale kuliko sheria za 1913. Katika ada za Waswahili, mwanamke aliyeolewa hakuacha jina la baba yake. Alibaki binti fulani, akaishi kwa mume, mahari yake yakawa yake na mali yake ikawa yake, na akifa, nasaba yake ilitajwa kwa upande wa kwao. Hapana aliyeona kwamba huo ni unafiki wala kwamba mume amepunjwa. Ndoa ilimwongezea mke nyumba, haikumpokonya aliyokuwa nayo. Kwa watu wenye ada hiyo, kushangaa kwamba mke wa Kithai ana pasipoti ya kwao na ya kwa mumewe kungekuwa ni kusahau mambo ya nyumbani mwao wenyewe.

Lakini sheria si ada. Mwanamke huyo huyo angeolewa na Mtanzania, akataka kuwa raia, Sheria ya Uraia ya 1995 ingemtaka auache Uthai wake. Na Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia mwingine kwa jumla hupotewa na wa kwao, kama wanavyojua wengi wenye ndugu Muscat, London au Toronto. Kenya ilikuwa hivyo hivyo, mpaka Katiba ya 2010 iliposema kwamba raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata mwingine. Kwa hiyo swali la Isan si la Isan tu. Kila familia yenye binti ng'ambo imelisikia likiulizwa katika simu ya usiku: nikisaini, nitakuwa bado wa kwetu?

Na irudiwe ile methali ya kwanza. Mshika mbili moja humponyoka ni onyo kwa mwenye pupa, anayenyoosha mikono kwa vitu ambavyo havijawa vyake. Mke aliye ugenini hakunyoosha mkono kwa nchi aliyozaliwa, alizaliwa humo. Wala nchi ya mume hakuikwapua. Alikaribishwa kwa ndoa, akakaa kwa jasho. Akilipa anachodaiwa kila upande, basi hapana kilichomponyoka wala aliyenyang'anywa. Anayestahili kuulizwa ni yule anayemwambia kwamba hawezi kuwa mke mwema mpaka akome kuwa binti.

Kule Udon Thani, katika kabati la nyumba fulani, kipo kitabu cha buluu. Mama mzee hajui kifungu cha 13 wala cha 22. Anachojua ni kwamba majina ya watoto wake yamo humo, na la aliye mbali limo pia. Sheria ikitaka kulifuta, na iwe na sababu ambayo mtu anaweza kumwambia mama huyo ana kwa ana.